Santuri za mzee zimo sandukuni: gramafoni gani ununue kwanza?

Msikilizaji wetu mmoja wa Peramiho ametupigia simu studio. Marehemu baba yake ameacha sanduku la santuri, nyingi zikiwa zile ndogo zenye wimbo mmoja kila upande. Gramafoni ya betri iliyokuwa ikizipiga ilikufa zamani. Sasa amejitokeza mtu anayetaka kulinunua sanduku zima kwa bei moja, na ndugu hawajakubaliana. Wengine wanasema ziuzwe. Wengine wanasema kwanza wasikie kilichomo. Swali lake kwetu lilikuwa fupi: anunue gramafoni gani ambayo haitammaliza mfukoni?

Jibu letu kwa ufupi ni hili: usitazame uzuri wa sanduku la gramafoni, tazama sindano yake. Gramafoni mbaya haiishii kutoa sauti mbaya tu. Inakwangua santuri, na santuri iliyokwanguliwa haiponi.

Kwa nini santuri zinatafutwa tena

Kwa miaka mingi ilidhaniwa santuri zimekwisha. Zilikuja kaseti, zikaja CD, kisha simu. Lakini mwaka 2022 nchini Marekani ziliuzwa santuri nyingi kuliko CD, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1987. Mwaka 2023 ziliuzwa huko takriban milioni 43.

Wimbi hilo limefika Afrika Mashariki kwa njia mbili. Ya kwanza, vijana wa mijini wameanza kununua gramafoni, na Nairobi yapo maduka yanayouza santuri za zamani, kwa mfano katika soko la Kenyatta. Ya pili, wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanazitafuta nyimbo za bendi zetu. Baadhi ya nakala adimu huuzwa mtandaoni kwa makumi ya dola, na nyingine hupita hapo. Ndiyo maana mtu anaweza kubisha hodi akiulizia sanduku la mzee.

Kwa nini za kwetu ni adimu

Historia inaeleza. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar alilazimika kusafiri hadi Bombay, India, ili kurekodi santuri za kampuni ya HMV. Miongo kadhaa baadaye, bendi za Tanzania zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, lakini kanda zile zilikuwa za kurushwa hewani. Aliyetaka santuri ya kuweka nyumbani aliipata kwa kiasi kikubwa kutoka Nairobi, ambako kampuni kama Polygram zilitoa nyimbo za kina Mbaraka Mwinshehe.

Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Mpaka ulipofunguliwa, kaseti ilikuwa imeshaingia mitaani. Kwa hiyo santuri iliyobaki katika nyumba ya Mbinga au Namtumbo inaweza kuwa miongoni mwa nakala chache zilizosalia za wimbo huo.

Kwanza jua una santuri gani

Kabla ya kununua chochote, soma karatasi ya katikati ya santuri. Utaona namba ya mizunguko kwa dakika: 33, 45 au 78. Ndogo nyingi za bendi zetu ni za 45. Kubwa za nyimbo nyingi ni za 33. Zile nzito zinazovunjika kama sahani ya udongo ni za 78, na ndizo za zamani zaidi.

Tofauti hii ina maana kubwa. Mifereji ya santuri ya 78 ni mipana, hivyo inahitaji sindano nene zaidi. Ukiipigia sindano ya kawaida, utasikia mchakato mwingi kuliko wimbo. Na gramafoni nyingi za kisasa zina mwendo wa 33 na 45 tu. Kama sanduku lako lina za 78, uliza jambo hilo kabla ya kutoa pesa. Kwa santuri za 45 zenye tundu kubwa katikati, hakikisha unapata na kile kipande cha kuzibia tundu.

Gramafoni ya kwanza

Zilizo rahisi kupatikana ni zile za mfano wa begi, zenye spika ndani. Zinapendeza, na hazihitaji kitu kingine. Tatizo ni kwamba nyingi hukandamiza santuri kwa uzito wa gramu 5 au zaidi, na mkono wake hauna mahali pa kupunguza uzito huo. Gramafoni nzuri hukandamiza kwa gramu 2 hadi 3 hivi. Sindano za hizo za begi pia mara nyingi ni za safaya, jiwe la aina ile ile inayochimbwa Tunduru. Safaya huisha upesi. Sindano ya almasi inaweza kupiga kwa saa 500 hadi 1,000 kabla ya kubadilishwa.

Ngazi inayofuata ni gramafoni kama Audio-Technica AT-LP60X. Ina sindano ya almasi inayobadilishwa na mwendo wa 33 na 45, na uzito wake umepangwa kiwandani kwa takriban gramu 3. Kwa mtu anayeanza, hiyo inatosha. Juu yake kuna AT-LP120X, yenye mwendo wa 78 pia, kichwa cha sindano kinachobadilishwa, na uzito wa nyuma ya mkono unaoweza kurekebisha mwenyewe. Ukitaka kupima, mizani midogo ya wanunuzi wa madini inafanya kazi hiyo vizuri.

Za mitumba zinaweza kuwa nzuri kuliko mpya za bei hiyo hiyo. Lakini uliza mambo mawili: je, sindano yake bado inapatikana, na mkanda wa mpira unaozungusha sahani haujalegea?

Jambo moja tunalisisitiza. Wazee wengi walikuwa wakibandika sarafu juu ya sindano ili isiruke. Usifanye hivyo. Uzito ule ndio unaochimba mifereji.

Umeme wako ukoje?

Songea iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018 kupitia laini ya Makambako. Kabla ya hapo mji ulitegemea majenereta ya dizeli. Leo wengi wana umeme, lakini gramafoni zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani zina mtego wake. Huko umeme ni volti 120 na mapigo 60 kwa sekunde. Kwetu ni volti 230 na mapigo 50. Transfoma hupunguza volti, lakini haibadilishi mapigo. Baadhi ya mota hufuata mapigo hayo, na wimbo utakwenda polepole kwa karibu asilimia 17, mwimbaji akisikika kama anasinzia. Gramafoni inayotumia adapta ya umeme mdogo, kama ya redio, haina shida hiyo. Ndiyo inayofaa pia kwa wenye sola.

Kupima mwendo ni rahisi. Bandika kipande cha karatasi pembeni mwa sahani, washa saa ya simu, hesabu mizunguko kwa dakika moja. Kwa mwendo wa 45 lazima upate 45. Ukipata 37 au 38, umeshajua tatizo.

Kuboresha hatua kwa hatua

Wengi huunganisha gramafoni kwenye sabufa, kisha hulalamika kuwa sauti ni ndogo na haina besi. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Santuri inapotengenezwa, besi hupunguzwa ili mifereji isiwe mipana mno. Kinatakiwa kikuza sauti kidogo cha kuirudisha, kinachokaa kati ya gramafoni na sabufa. Gramafoni mbili tulizozitaja zinacho ndani. Kuna swichi ya kukiwasha. Nyingi za zamani hazina, hivyo utakinunua peke yake.

Ukipata pesa nyingine, fuata mpangilio huu. Kwanza, sindano mpya. Pili, spika nzuri zaidi. Gramafoni yenyewe iwe ya mwisho kubadilishwa. Kinyume chake ni kupoteza pesa, kwa sababu gramafoni ghali yenye sindano iliyochakaa bado itakwangua.

Na kabla ya yote, usafi. Vumbi letu jekundu la kiangazi ni msasa ndani ya mfereji. Osha santuri za plastiki kwa maji safi na tone la sabuni laini, bila kulowesha karatasi ya katikati, kisha zisimamishe zikauke kivulini. Zile za 78 usizipake spiriti, itaziyeyusha. Zihifadhi zikiwa zimesimama, mbali na joto la bati, kwani zikilazwa rundo hupinda.

Kabla ya kuuza sanduku

Kwa ndugu yetu wa Peramiho, ushauri wetu ni huu. Usiuze kwa sanduku. Andika orodha: jina la wimbo, la bendi, la kampuni, na namba iliyo kwenye karatasi. Piga picha kila moja kwa simu. Kisha zipigwe walau mara moja kwa gramafoni yenye sindano nzima, hata ya kuazima, na sauti irekodiwe. Kama ndugu mtanunua kwa kuchanga, hiyo ya ngazi ya pili inawatosha.

Baada ya hapo familia ikiamua kuuza, itauza ikijua inauza nini. Na ikiamua kubaki nazo, wajukuu watasikia kile ambacho babu yao alitolea pesa yake kukisikiliza.