Mama hali peke yake
Na Kavira Musubao

Jirani yangu hapa Bulengera alipopimwa akakutwa na sukari, wanawe walikaa kikao jioni ile ile. Maharagi yakaondolewa. Sombe nayo ikaondolewa, eti ina mawese. Ikabaki nyama ya mbuzi, mchana na usiku: "Kula, mama, hii haina sukari." Siwalaumu. Kwetu nyama si ya kila siku, na anayekupa anakupenda.

Ila mama hali peke yake. Utumbo wake mpana umejaa bakteria, nao hula kinachowashukia. Wapo wanaochukua kitu kiitwacho kanitini kilichomo ndani ya nyama nyekundu na kukigeuza. Ini nalo linamalizia kazi, na damuni inaingia kemikali iitwayo TMAO. Mwaka 2013 kundi la Stanley Hazen, kule Cleveland Clinic, Marekani, liliwapa kanitini watu waliozoea kuishi bila nyama. Damuni mwao haikuonekana TMAO ya maana: bakteria wa kazi hiyo hawakuwamo, au walikuwa wachache mno. Kumbe sahani ndiyo inayowafuga. Katika panya, TMAO ilizidisha mafuta kujijenga kwenye kuta za mishipa ya damu. Kwa binadamu wataalamu bado wanabishana kama ni chanzo au dalili tu, lakini mwenye sukari hana nafasi ya kungoja ubishi uishe. Mishipa yake imekwisha kuchubuliwa na sukari. Ndiyo maana macho hufifia, figo huchoka, na kidonda kidogo cha mguu huishia kwenye msumeno.

Bakteria wengine hutaka nyuzinyuzi: ganda la haragi, majani ya sombe, matembele. Hao hulipa kwa butireti, inayolisha ukuta wa utumbo na kutuliza uvimbe. Ng'ambo ya mpaka wa Kasindi, pale hospitali ya Mulago, madaktari Denis Burkitt na Hugh Trowell walikaa miaka mingi wakiona kwamba wanakijiji wa Uganda, waliokula nyuzinyuzi nyingi, hawaugui moyo kama Wazungu. Mwaka 1975 Trowell akaandika kwamba upungufu wa nyuzinyuzi unachangia kisukari.

Basi, ndugu mnaopika: punguzeni bugali, soda na mandazi. Mama mrudishieni maharagi yake, na sombe yenye mawese kidogo. Vidonge vya daktari asiviache. Na kama figo zimekwisha kudhoofika, muulizeni daktari kwanza, maana maharagi yana potasiamu nyingi.