Juma la Kwanza Bila Pombe

Mama mmoja wa upande wa Iramba ametuletea swali ambalo, naamini, akina mama wengi wanalo ila hawaliandiki. Mume wake amekunywa kila siku kwa miaka mingi. Juzi, kwa hiari yake mwenyewe, alisema basi. Siku ya pili mikono ilimtetemeka hata akashindwa kushika kikombe cha chai. Jasho likamtoka, chakula akakitapika, usiku hakulala. Majirani wakaja na shauri lao: "Mpe kikombe kimoja tu azimue, atapona." Je, ampe?

Mama, kikombe hicho kingemtuliza kweli, tena upesi, na ndiyo sababu watu wakisifu. Lakini baada ya saa chache angetetemeka tena, na safari ingeanza upya. Dawa yake haiko kilabuni. Mpeleke hospitali leo hii, usingoje aanguke.

Pombe hupoza ubongo. Ubongo, ukipozwa kila siku, hujitia nguvu ili kushindana nayo. Ni kama watu wawili wavutao kamba: mmoja akiiachia ghafula, mwenzake huanguka chali. Kwa hiyo mtetemo, jasho, kichefuchefu na hofu isiyo na sababu huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya kikombe cha mwisho, navyo huzidi siku ya pili na ya tatu. Kwa walio wengi, kufika siku ya tano au ya saba mwili huwa umetulia, ingawa usingizi huweza kusumbua majuma kadhaa.

Wengine huona makubwa zaidi. Katika siku 2 za kwanza mtu aweza kuanguka kama mwenye kifafa. Siku ya tatu au ya nne aweza kuwaona wadudu ukutani, kuzungumza na watu wasiokuwapo, kutojua yuko wapi, huku mwili ukimwaka moto. Hapo ndipo nyumba nyingi hupotea njia. Wazee husema amerogwa, vijana humfunga kamba, na siku 2 zapita kwa mganga wa ramli. Huo si uchawi, wala si wazimu wa kudumu. Ni ugonjwa uwezao kuua, nao hutibika. Katika Mkoa wa Singida ziko hospitali za Makiungu, Kiomboi, Iambi na Itigi, na ile ya mkoa mjini. Daktari humpa dawa ya kutuliza kwa kipimo, akiipunguza siku kwa siku, pamoja na vitamini B1, kwa kuwa mnywaji wa siku nyingi huwa ameikosa, na kuikosa kwaharibu akili. Mwambieni kweli anakunywa kiasi gani. Msione haya mkapunguza vikombe mbele ya daktari! Tena msinunue vidonge vya usingizi dukani na kumpa kwa kukisia.

Na yeyote anywaye tangu asubuhi, au aliyewahi kuanguka kifafa alipojaribu kuacha zamani, asiache peke yake nyumbani. Amwone daktari kwanza, kisha aache.

Akirudi, mpe maji mara kwa mara, na uji wa uwele, mwembamba, kidogo kidogo. Asali katika maji ya moto humfaa, nayo kwetu haikosekani. Togwa hapana: ikilala siku moja au mbili yageuka pombe, naye ataijua harufu yake kabla yako. Madeni na ugomvi wa mwaka jana viacheni vingoje. Mtu asiyelala usiku 4 hana hesabu ya kukutolea.

Tabu nyingine huja mwili ukishapona. Kwetu pombe si kinywaji tu, ni ujira pia. Baada ya mavuno, kwenye kupura mtama, majirani huitwa na pipa huwekwa, na asiyekunywa huonekana amewadharau wenziwe. Basi mwanamume huyu aende kupura asubuhi, afanye kazi barabara, na pipa likifunguliwa apate udhuru wa kweli: ng'ombe wa kunywesha, au mtoto wa kumpeleka zahanati. Mwana au shemeji aondoke pamoja naye. Saa ile ya jioni ndiyo mbaya kuliko zote.

Huko Dublin, katika nchi ya Ireland, mwaka 1884, kibarua mmoja aitwaye Matt Talbot, mwenye umri wa miaka 28, aliahidi kuacha pombe kwa miezi 3 tu. Ilipokwisha akaahidi 6, kisha maisha yake yote, naye alifariki mwaka 1925 pasipo kuirudia. Hakupenda kutembea na fedha mfukoni, na jioni, wenziwe walipokwenda vilabuni, yeye alikwenda kanisani. Napenda ile miezi 3. Mume akikuapia "maisha" siku anapotetemeka, mshukuru, lakini mhesabie siku.

Limebaki jambo ambalo mama hakuliuliza, ila ameligusa mstari wa mwisho: yeye mwenyewe hupika pombe, na karo ya watoto hutoka katika pipa hilo. Sitamwambia avunje pipa, maana karo haingoji. Lakini miezi hii ya kwanza kimea kisianikwe uani pake, wala wanywaji wasikae barazani pake. Apatane na dada au jirani, wapikie huko, hata kama faida itagawanywa. Na kuku wa Singida wanatafutwa hata Dar es Salaam: auze majogoo machache muhula huu, na magunia ya alizeti asiyauze yote wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Hesabu hiyo aifanye pamoja na mumewe, mara akiweza kushika kalamu.