Ndoano na Ndoa ya Mbali

Mwezi huu naongea na wale wenzangu ambao ndoa yao inaishi kwa bando. Mmoja kapangiwa kazi mkoa huu, mwingine yupo kule, na mapenzi yanapitia kwenye simu. Nawajua mko wengi: walimu, manesi, watu wa benki, watu wa halmashauri.

Mimi mwenyewe nafundisha sekondari Dar es Salaam. Mume wangu yuko Singida, mwaka wa tatu sasa. Kati yetu kuna kama kilomita mia saba. Siku hizi afadhali kidogo, maana tangu treni ya SGR ianze kwenda Dodoma mwaka 2024 napanda treni mpaka pale, halafu namalizia kwa basi. Zamani ilikuwa basi mwanzo mwisho. Ukishuka, mgongo si wako.

Watu huniuliza, "Mnaonana mara ngapi?" Swali zuri zaidi ni hili: mkishaonana, mnafanya nini? Siku ya kwanza ni furaha tupu. Siku ya pili mnaangalia tivii. Siku ya tatu kila mtu kainamia simu yake, na hapo ndipo unaanza ugomvi wa vitu vidogo, nani kaacha taa, nani hakupokea simu Jumanne iliyopita. Sisi dawa yetu tumeipata ziwani, kwa ndoano. Usicheke! Nisikilize kwanza.

Singida ina maziwa, bwana

Wengi tukisikia Singida tunawaza alizeti, kuku wa kienyeji na upepo. Lakini mji wenyewe umekaa kati ya maziwa mawili, Singidani na Kindai. Maji yake ni ya magadi na hayana pa kutokea. Yanaingia na mvua, yanaondoka na jua. Humo kuna perege wadogo wagumu, wa aina inayopatikana Tanzania tu, kwenye maziwa ya chumvichumvi kama haya, Eyasi na Manyara.

Ukitaka ziwa kubwa zaidi, nenda Kitangiri, wilayani Iramba. Unachepuka Misigiri, unapita Kiomboi, kisha unateremka bondeni. Mto Wembere unaingiza maji ziwani, na Mto Sibiti unayatoa kuyapeleka Eyasi. Kule kuna wavuvi wenye mitumbwi na nyavu, watu ambao ziwa ndilo linalowalipia ada. Sisi wa mshipi na ndoano tunakaa pembeni kwa adabu.

Kila msimu ziwa linataka kitu tofauti. Nikupitishe mwaka mzima.

Desemba mpaka Aprili: matope na kambare

Shule zikifungwa Desemba nakaa Singida wiki kadhaa. Mvua ndiyo imeanza. Maji yanachafuka rangi ya chai ya maziwa, ziwa linapanda kwenye majani, na kambare wanafuata maji mapya kwenda kutaga kwenye kina kifupi. Kambare hawindi kwa macho, anatumia zile ndevu zake. Kwa hiyo chambo kinachonuka ndicho chenyewe: utumbo wa kuku, au nyungunyungu wanono. Jioni giza likianza kuingia ndio saa yake.

Huu ni msimu wa kuchafuka. Gari litakwama, mtasukuma, mtarudi nyumbani mnanuka. Nakuambia ukweli, dada yangu, mwanaume aliyekuona umejaa matope mpaka magotini halafu bado anakuchekea, huyo mshike.

Mei: mwezi wa perege

Mvua ikikatika maji yanatulia, nyasi bado mbichi, perege wamenenepa. Hapa unahitaji ndoano ndogo, mshipi mwembamba, ufito, na boya la kipande cha kandambili. Chambo ni kidonge cha ugali. Ndio, ugali wa jana.

Babu mmoja wa Kinyaturu, jirani yetu, ndiye aliyetufundisha. Siku moja nilivua perege, mdomo umejaa kama mtu aliyebugia maandazi. "Shikamoo babu, huyu ana nini?"

"Marahaba mwanangu. Huyo ni mama. Watoto wake wako mdomoni. Mrudishe."

Na kweli, perege jike hubeba mayai na vifaranga mdomoni mpaka waweze kujitegemea, na muda huo anakula kidogo sana au hali kabisa. Nilimrudisha haraka. Mume wangu akanitazama, hakusema kitu. Sisi wawili hatujajaliwa mtoto bado, na mwenye ndoa ya mbali anajua hesabu ya siku inavyokuwa ngumu. Jioni ile ndipo tulipoongelea jambo hilo kwa mara ya kwanza bila mmoja wetu kulia.

Juni na Julai: baridi na maneno mazito

Likizo ya Juni inanikuta kwenye upepo wa Singida, ule wa kupenya sweta. Maji yakipoa, samaki nao wanakuwa wavivu. Hakuna haja ya kudamka. Nendeni saa nne, jua likishapasha maji ya pembeni. Bebeni chupa ya chai ya tangawizi na blanketi moja. Nimesema moja.

Wenzetu wa Minnesota, kule Marekani, ziwa lao linaganda kabisa. Wanatoboa barafu, wanakaa kwenye kibanda na kusubiri juu ya tundu. Na msimu wao mkubwa wa uvuvi hufunguliwa katikati ya Mei, mara nyingi wikiendi ileile ya Siku ya Mama. Kwa hiyo ugomvi wa "mimi au samaki" upo dunia nzima, tusijione peke yetu.

Julai samaki ni wachache, basi maneno ndiyo yanakuwa mengi. Nimegundua kitu kimoja. Mezani mnakaa mkitazamana, na neno gumu likitoka linageuka kesi. Ziwani mnakaa ubavu kwa ubavu, wote mnatazama boya. Unaweza kusema jambo zito bila kumkazia mwenzio macho, naye ana ruhusa ya kunyamaza dakika kumi kabla ya kujibu, kwa sababu wavuvi ndivyo walivyo. Hakuna anayemwambia mwenzie, "Mbona hunijibu?"

Hapo ndipo tulipoamua nani amfuate nani. Mimi Dar nina mama yangu mzee, nina wanafunzi wa tuisheni wanaoniongezea kipato, na kiwanja tumeanza msingi. Yeye Singida ana kazi anayoipenda. Nilisema naogopa kuacha vyote. Boya lilizama mara mbili, hakuna aliyevuta. Mwishowe akasema, "Ukija, mama tunakuja naye." Nilikuwa nimeisubiri sentensi hiyo miaka miwili.

Agosti mpaka Novemba: ziwa linarudi nyuma

Kiangazi kikikolea maji yanapungua, magadi yanakolea, ukingo unabaki mweupe. Heroe wanasimama Singidani na miguu yao mirefu, picha zinatoka bomba. Samaki wanabanana kwenye maji yaliyobaki, na kuvua kunakuwa rahisi.

Lakini rahisi hii ina hatari yake. Huu ndio wakati kokoro linapofanya uharibifu mkubwa, maana linazoa mpaka vifaranga, na mvua ikija hakuna wa kuzaliana. Nchi yetu ina Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake, na kokoro ni haramu. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa miezi mitatu, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, ili samaki wapumue. Sisi wa ndoano tunajiwekea sheria yetu: kiangazi tunachukua wanne tu, wawili wake, wawili wangu. Wengine wanarudi majini.

Na msimu huu ndio wa mfuko mkavu pia. Nauli imeshakula akiba, mshahara haujatoka. Perege wanne waliokaangwa kwa mafuta ya alizeti, mlenda, na ugali wa uwele: hiyo ndiyo dina yetu ya mishumaa, hata umeme ukiwepo.

Kama mnataka kujaribu

- Pitieni kwanza ofisi ya uvuvi ya halmashauri muulizie leseni na sehemu zinazoruhusiwa.
- Waulizeni wenyeji kuhusu viboko na tope la kuzama kabla ya kukanyaga maji. Kitangiri si bwawa la hoteli.
- Mwelewano wa simu: zote kwenye mkoba, isipokuwa moja ya dharura.
- Asiyejua asifokewe. Mshipi ukijifunga, fungueni pamoja.
- Msiache takataka wala kipande cha mshipi ufukweni. Ndege hunasa miguu.

Maombi yangu ya uhamisho wa kumfuata mwenza nimeshapeleka. Majibu bado. Kila nikimpigia mume wangu tunaongea habari za kina cha maji kwanza, halafu ndio habari za barua. Desemba shule zinafungwa, na barua ije isije, tiketi ya kwenda Dodoma nitakata. Babu ameahidi kutuonyesha sehemu mpya ya kambare, na mama safari hii anataka kuja kuona upepo wenyewe.

Tukutane mwezi ujao. Mpigie wako sasa hivi, usisubiri jioni.