Tairi Lililotoboka: Lizibwe au Litupwe?

Motakaa ikitoboka tairi njiani, watu hukusanyika, na kila mmoja huwa na neno lake. Huyu asema, "Zibeni mwende zenu." Yule asema, "Tupeni, mnunue jipya." Wote wawili wasema kabla hawajalitazama tairi lenyewe, nami naona ya kuwa hilo ni kosa kubwa kuliko msumari.

Siku moja nilisafiri na mjomba wangu kutoka Korogwe kwenda Mombo, ili tupande milima ya Usambara mpaka Lushoto. Nyuma ya motakaa tulikuwa na magunia mawili ya mchele, na tairi la akiba lilikuwa chini ya magunia hayo. Kabla hatujafika Mombo, motakaa ilianza kuvuta upande wa kushoto, tukasikia mpigo chini yetu. Nikasema, "Mjomba, nadhani tairi limekwisha upepo." Akanijibu, "Mombo si mbali, mpwa wangu. Nani atayashusha magunia haya juani?" Nikanyamaza, kwa kuwa yeye ni mkubwa wangu, na motakaa ni yake. Tukaenda hivyo kadiri ya kilomita 3.

Fundi wa pancha alikuwa amekaa chini ya mwarobaini na karai lake la maji. Alilifungua gurudumu, akaona msumari katikati ya uso wa tairi, mdogo kuliko ukucha. Mjomba akafurahi sana. Lakini fundi alipolitoa tairi katika ringi, akaingiza mkono ndani, mkono ulitoka na unga mweusi wa mpira. Akatuonyesha ubavu wake: umekunjamana pande zote kama ngozi ya mzee. Akasema, "Uniwie radhi, mzee. Msumari haukuliua tairi hili. Limeuawa na mwendo."

Hapa yafaa mjue, wanafunzi, ni kitu gani hasa kibebacho motakaa. Si mpira, ni upepo. Mskoti mmoja, Robert William Thomson, alipata hati ya kuvumbua gurudumu la upepo mwaka 1845, lakini watu hawakulijali, likasahauliwa. Mwaka 1888 Mskoti mwingine, John Boyd Dunlop, aliyekuwa mganga wa wanyama mjini Belfast, alilivumbua tena kwa ajili ya baiskeli ya mtoto wake ya magurudumu matatu. Tangu siku hizo kazi ya tairi ni kuushika upepo usitoke wala usilipasue, na nguvu ya kuushika imo katika nyuzi zilizofichwa ndani ya mpira. Upepo ukiisha, uzito wote wa gari hulala juu ya ubavu, nao hukunjwa na kukunjuliwa kila mzunguko, hata nyuzi zikapata moto na kukatika.

Basi mtu mmoja aliyesimama pale akasema, "Tieni mpira wa ndani, mambo yaishe." Maneno haya huyasikia kila msafiri, tena yana sura ya akili. Lakini mpira wa ndani huzuia upepo usivuje tu. Hauziungi nyuzi zilizokatika. Ni kama kutia mfuko mpya ndani ya kikapu kilichooza kamba, kisha ukajaza mawe. Fundi alikataa kazi ile, naye akakosa ujira wake. Mimi namheshimu kwa hilo mpaka leo.

Msidhani nasema kila tairi lililotoboka litupwe. La! Kufanya hivyo ni ubadhirifu, na wauzaji wengine huupenda ubadhirifu wetu. Mafundi wa Marekani wana kanuni nzuri: tundu likiwa katikati ya uso wa kukanyagia, wala halizidi robo ya inchi, yaani kama milimita 6, laweza kuzibwa kwa kizibo na kiraka kibandikwacho kwa ndani. Likiwa ubavuni, haliguswi, hata likiwa dogo kama tundu la sindano. Kama mjomba angalisimama pale pale tuliposikia mpigo, akatia jiwe nyuma ya gurudumu, akalegeza nati kabla ya kuinua jeki, akafunga tairi la akiba, tairi lake lingalipona kwa kiraka kimoja. Magunia mawili yalimgharimu tairi zima.

Tena tairi la akiba lenyewe, tulipolifukua, lilikuwa kipara. Nchini Uingereza sheria yakataza mifereji ya tairi la gari dogo kupungua chini ya milimita 1.6. Ya mjomba haikuwa na hata moja. Na barabara ya Mombo hata Lushoto ni kona juu ya kona, mlima upande huu na bonde upande huu.

Alikuwa na fedha, lakini zilikuwa za mabati ya jiko la bibi. Akaletewa tairi kuukuu, lina kashata ndefu, tena bei nusu. Fundi akalipangusa ubavu akatusomea tarakimu nne za mwisho: 1509. Maana yake lilitengenezwa wiki ya 15 ya mwaka 2009. Mpira huzeeka hata ukikaa ghalani, ukapasuka nyufa ndogo. Miaka haionekani kwa kutazama kashata.

Najua wako watakaosema, "Maneno hayo ni ya matajiri. Mwenye fedha kidogo afanye nini?" Swali hili ni la haki, wala sitalicheka. Lakini mimi nasema, mwenye fedha kidogo ndiye asiyeweza kununua mara mbili. Akinunua bovu leo, baada ya mwezi atanunua tena, kama yu hai. Heri aiache motakaa Mombo, apande basi, mpaka apate fedha. Mjomba alipoambiwa hivi alikaa kimya kitambo, akautazama mlima. Kisha akazitoa fedha za mabati, akanunua tairi jipya moja, tukapanda polepole, tukafika jioni.

Lile tairi lililokufa alilichukua mshona viatu wa Mombo, kwa maana kashata zake zilikuwa nzima bado, akakata katambuga. Mjomba aliporudi alipewa jozi moja, akampelekea bibi. Bibi alizivaa, akatembea hatua mbili tatu, akasema ni nzuri. Kisha akauliza, "Na mabati yangu?"