Wikiendi ya Maji Moto na mikono ya Kulwa

Wale mlionisimamisha pale stendi kuniuliza wiki iliyopita nilipotelea wapi, jibu ndilo hili: nilikwenda kuoga. Msicheke! Nilikwenda kuoga mkoa mwingine kabisa, tena kwa mchango wa elfu hamsini kila kichwa, na nikarudi na mavumbi mengi kuliko niliyoondoka nayo.

Wa kulaumiwa ni Bahati. Huyu mshikaji anaishi Geita, ana Noah yake ya kubebea abiria, na wiki nzima alikuwa anaangalia picha za Wajapani wamekaa kwenye maji yanayofuka moshi, theluji inawadondokea kichwani, wametulia kama mabosi. Akanipigia simu. "Wenzetu wikiendi wanapanda gari na washikaji wanakwenda kwenye onsen. Sisi wikiendi tunakwenda wapi? Baa ile ile, kiti kile kile!"

Nikaona ana hoja. Isitoshe nilijua mawili matatu kuhusu hizo onsen. Japani wana sheria yake kabisa, ya mwaka 1948. Maji yakitoka ardhini yakiwa na nyuzijoto 25 kwenda juu, hiyo ni onsen. Yakiwa baridi zaidi lakini yana madini yaliyotajwa kwenye sheria, nayo ni onsen. (Kwa kipimo hicho, maji ya bomba langu hapa Ngokolo saa nane mchana yanakaribia sana!) Ukifika unavua nguo zote, unajisugua na sabuni kwanza pembeni, ndipo unaingia ukiwa msafi. Kitambaa hakiingii majini. Na kama umejichora tatuu, sehemu nyingi wanakurudisha mlangoni.

Hapa kwetu maji ya namna hiyo yapo. Kuna Songwe kule kwa Wasafwa, kuna Amboni Tanga, kuna Utete kule Rufiji. Vijana wa Arusha na Moshi wanajirusha Chemka, wilayani Hai, ingawa wanaokwenda huko wakitegemea kuchemka wanakuta maji vuguvugu tu. Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna Majimoto, Wilaya ya Serengeti, Mkoa wa Mara, kwenye nchi ya Wangoreme. Jina linajieleza lenyewe.

Basi timu ikawa watu wanne. Mimi na Neema, ambaye anafanya kazi maabara ya hospitali, tukitokea Shinyanga. Bahati na Kulwa wakitokea Geita. Kulwa si jina lake, ila nimemwita hivyo kwa sababu mtaona mbele. Tulisoma naye sekondari, akaacha kidato cha tatu, akaingia machimboni kutafuta mshiko, na kati yetu ndiye wa kwanza kununua pikipiki. Yeye ndiye aliyeshupalia safari kuliko wote. Bahati alipotaka kuahirisha kwa sababu ya tairi, Kulwa alitoa hela ya tairi mfukoni mwake. Nikajiuliza, huyu naye tangu lini anapenda kuoga?

Jumamosi alfajiri sisi tukapanda basi Shinyanga, Mwigumbi, Maswa, Bariadi hadi Lamadi. Lami mwanzo hadi mwisho, unalala kama uko kwenu. Wao wakapita Sengerema na lile daraja la Kigongo–Busisi, Daraja la JPM, kilomita 3 juu ya ziwa, lililofunguliwa Juni 2025. Bahati hajaacha kulisifia mpaka leo. Wanaokumbuka foleni ya kivuko cha Busisi watamwelewa. Ulikuwa unaweza kula, kulala, kuamka na kugombana na mchumba wako kabla pantoni halijakufikia. Sasa ni dakika chache tu, wanakunja Usagara wanatokea Kisesa, wala hawakuingia mjini Mwanza.

Lamadi tukakutana saa saba, tukaagiza sato wa kukaanga na ugali. Makelele, kukumbatiana, umenenepa, umekonda, kama kawa. Mhudumu akaleta soda. Kulwa akashika chupa kwa mikono miwili, kama mtoto anavyoshika kikombe cha uji. Nikamtania: "Vipi kaka, pombe za jana?" Akacheka kidogo, akaishusha mikono chini ya meza. Soda yake ilibaki nusu. Neema hakucheka. Alikuwa anamtazama tu.

Tukalala Bunda. Jumapili alfajiri Bahati akanunua trei nzima ya mayai, eti kwenye maji moto Wajapani wanachemsha mayai, na sisi tutachemsha. Akayaweka nyuma ya gari. Lami ikaisha, vumbi likaanza, mashimo yakawa mashimo kweli. Kufika mbele kidogo tukasikia harufu. Trei zima, wasomaji! Ute unatiririka hadi kwenye begi langu la nguo. Onsen yetu ikaanza bila kitoweo.

Njiani tuliuliza njia mara nyingi, na kila mtu alitujibu kwamba si mbali. Tulipofika tukakuta hakuna geti, hakuna kioski, hakuna muziki. Wamama wanafua, watoto wanaoga, ng'ombe wanapita zao. Mvuke unaelea juu ya maji kwa ubaridi wa asubuhi. Kulikuwa na mzee amekaa pembeni na fimbo yake. "Shikamoo mzee." "Marahaba wajukuu, mmeleta mgonjwa?" Bahati akasema hapana, tumekuja kutembea. Mzee akatushangaa kwelikweli. Akasema watu wa mbali huja hapa kwa miguu inayouma, kwa ngozi, kwa mgongo. Wa kuja kutembea tu hakuwazoea.

Nikawauliza wenzangu: haya maji yanapashwa na nani? Hapa Mara hakuna volkano. Neema, ambaye anasoma kila kitu, akatueleza kwamba haihitaji volkano. Mvua inazama ardhini, inapita kwenye nyufa za miamba kwenda chini sana, huko inakutana na joto, halafu inapata ufa mwingine wa kupandia. Kulwa akadakia: "Hiyo kweli. Ukishuka kwenye duara, kadiri unavyokwenda chini ndivyo jasho linavyokutoka. Chini kule si mchezo."

Halafu Neema akatuambia jambo ambalo mimi, mtoto wa ukanda wa dhahabu, sikulijua. Dhahabu ya Geita nayo ililetwa na maji moto. Yapata miaka bilioni 2.6 iliyopita, maji yenye moto wa kuzidi kabisa haya yalipanda kwenye nyufa za miamba, yamebeba dhahabu iliyoyeyuka humo. Mazingira yalipobadilika dhahabu ikashindwa kubaki ndani ya maji, ikaganda kwenye miamba pamoja na yale mawe meupe. Kulwa akakaa kimya, kisha akasema: "Kumbe miaka yote hii nachimba onsen iliyopoa." Tulicheka mpaka mzee akageuka.

Tukaingia. Jamani! Siwezi kuwadanganya, pale yanapotokea hukanyagi, unakwenda chini zaidi yanapopoa. Ukishazoea, mwili unalegea, mabega yanashuka, madeni unayasahau. Kuvua zote kama Japani hatukuthubutu, pale kuna wazee. Bahati akaimba. Mimi nikasinzia.

Nilipofumbua macho nikamwona Kulwa hakuoga kama sisi. Amechutama, ameizamisha mikono yote miwili hadi kwenye viwiko, amefumba macho, kama mtu anayesali. Pembeni yake dumu la lita tano, tupu, alilotoka nalo Geita. Hapo ndipo nilipoelewa nani alikuja kutembea na nani alikuja kwa shida.

Neema akasogea, akaichukua mikono ile akaitoa majini. Ilikuwa inatetemeka. Haikuwa baridi, si pombe. "Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Inaanza vidole. Usiku silali. Na hasira, we acha tu, mke wangu nikimjibu najishangaa mwenyewe."

"Unachomea wapi dhahabu?"

Wasioijua kazi ile niwape kwa ufupi. Mawe yanasagwa kwenye karasha, unga unaoshwa kwenye mwalo, kinachobaki kinachanganywa na zebaki. Zebaki inaikamata dhahabu ndogondogo, inakuwa donge. Unalikamua kwenye kitambaa, unaliweka kwenye moto, zebaki inapaa kama moshi na dhahabu inabaki. Moshi huo huuoni vizuri, na unauvuta. Unaingia kwenye mapafu, unapita kwenye damu, unakwenda kukaa kwenye figo na ubongo.

Kulwa akajibu kwa sauti ndogo: "Nyumbani. Jikoni. Kule mwaloni wezi wengi."

"Na mkeo?"

"Yupo. Ana mimba ya miezi mitano."

Bahati aliacha kuimba. Mimi nilijiona mjinga na soda yangu ya Lamadi.

Neema hakupiga kelele. Akamuuliza kama amewahi kusikia mji unaitwa Minamata. Uko Japani, kisiwa cha Kyushu, na wana maji moto yao vilevile. Kulikuwa na kiwanda pale kikimwaga taka zenye zebaki baharini. Zikaingia kwenye samaki, watu wakala. Ugonjwa ukatambuliwa rasmi mwaka 1956: watu wanatetemeka, ulimi unakuwa mzito, macho yanapungua. Na walikuwepo kina mama walioonekana wazima kabisa, wakazaa watoto walioathirika ubongo. Ya Minamata ilipita mdomoni kwa samaki, akasema Neema, ya kwako inapita puani, si zebaki ya namna moja kabisa. Lakini mtoto aliye tumboni hachagui njia.

Ni mkataba wa dunia wa kupunguza zebaki ndio uliopewa jina la mji huo, mwaka 2013. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Na Wajapani walishafika huku zamani. Daktari Masazumi Harada, aliyewashughulikia wagonjwa wa Minamata kwa miaka mingi, na wenzake walipima nywele za wachimbaji, wavuvi na watu wa Mwanza, wakachapisha matokeo mwaka 1999. Wadada sikilizeni: baadhi ya waliokutwa na zebaki nyingi hawakuwa wachimbaji hata kidogo, ilihusishwa na sabuni walizokuwa wakiogea ili ngozi ing'are. Mtu anaona kioo kinamsifia, kumbe!

"Kwa hiyo haya maji hayanisaidii?" Kulwa aliuliza hivyo, na niliona jinsi alivyokuwa anaomba jibu jingine.

"Yatakulegeza misuli utalala vizuri leo," Neema akasema. "Zebaki hayaitoi." Akamweleza kwamba kinachopimwa kwa mtu anayevuta moshi ni mkojo. Dawa za kuitoa zipo, daktari ndiye anaamua, ila dawa ya kwanza ni kuacha kuuvuta. Kuna kifaa kinaitwa ritoti, kama chungu kilichofungwa na bomba. Moshi unapita kwenye bomba unapozwa, zebaki inarudi kuwa maji unaitumia tena, na hela yako hairuki hewani.

Kulwa alinuna. Akasema Neema anaongea kama mtu wa semina, mshahara unaingia kila mwezi, hajui donge linavyotakiwa kuuzwa siku hiyohiyo kabla makota hawajaanza kugombania mgao. Neema naye akapandisha. Pakawa pabaya kidogo. Aliyewatuliza ni yule mzee, hata bila kukusudia: alimwita Kulwa akamsaidie kuinuka, akaushika mkono wake, akauhisi. Akamtazama usoni. "Wewe ndiye mgonjwa mliyesema hamjamleta," akasema.

Kulwa alijaza dumu lake. Hatukumkataza.

Njia ya kurudi hakuna aliyezungumzia Japani. Pale Lamadi, wakati tunaagana, Kulwa alimpigia mkewe mbele yetu. Alimwambia ile chombo ya jikoni aitoe nje na asiishike kwa mikono, na sufuria yake asipikie tena. Mke akauliza kwa nini, akajibu "nitakwambia nikifika". Neema akamwandikia kwenye karatasi ya risiti vitu vya kumwambia daktari, vyote viwili, vya kwake na vya mkewe, maana mtu akifika hospitali akasema tu "natetemeka" anaweza kupimwa malaria akarudishwa nyumbani.

Jumatano usiku akanibipu, nikampigia. Wametoa mkojo, yeye na mkewe, sampuli imetumwa, majibu bado. Anachomea mwaloni sasa, nje, amekaa upande unaotoka upepo, ritoti anaulizia bei na wenzake wa duara wanamcheka. Kliniki mtoto anacheza tumboni vizuri. Dumu liko chini ya kitanda, mkewe anaogea kidogokidogo na anasema miguu haimvimbi.

Bahati yeye anadai hela ya kuosha gari. Ute uliingia chini ya kapeti, na kwa joto hili la Geita abiria wanashukia njiani.