Risala ya Wapishi na Wauza Mkaa wa Kampala

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nishati na Maendeleo ya Madini,

Sisi mama lishe na wauza mkaa wa rejareja wa Kampala tunaleta kwako malalamiko na madai yetu. Hatuji kuutetea mkaa. Sisi ndio tunaoamka saa kumi alfajiri kuuwasha, na kikohozi chake tunalala nacho.

Mheshimiwa, gunia likifunguliwa mikono yetu hutambua kilichokatwa. Vipande vizito, vinavyolia kama vigae vikigongana, ni vya miti migumu ya kaskazini, na humo umo mshea, mti ambao mwanamke wa Acholi au Lango huungoja miaka 15 au 20 uzae ndipo akamue mafuta. Ukishaingia sigirini, huivisha matoke ya mchana mmoja, basi. Na hasara kubwa imebaki porini: tanuri la udongo hula kilo saba hadi kumi za kuni ili litoe kilo moja ya mkaa. Sehemu kubwa ya zilizosalia hupaa na moshi, na moshi wa tanuri lililobanwa hewa hubeba methani, gesi inayopasha dunia joto kwa ukali zaidi kuliko hewa ya ukaa. Tunaambiwa mti utaota tena. Utaota, lakini sigiri ya kesho haiungoji. Mwaka 1990 misitu ilifunika karibu robo ya nchi hii. Kufikia 2015 ilibaki kama sehemu moja ya kumi.

Mei 2023 Rais alitoa Amri Na. 3, akapiga marufuku mkaa wa biashara kaskazini. Tuliiunga mkono, ingawa iligusa riziki zetu. Lakini mkaa ulipofungiwa mlango, umeme haukufunguliwa wa kwake. Malori yakahamia usiku, bei ikapanda, na anayenyang'anywa mzigo ni mwenye magunia matatu.

Malori hayo huvuka Nile kwenye daraja la Karuma, jirani na bwawa la megawati 600 lililozinduliwa Septemba 2024. Hili ndilo linalotuuma kuliko yote. Umeme unaoweza kuzalishwa nchini unazidi unaotumika, na bado mji mkuu unapikiwa kwa miti iliyovushwa juu ya mto huohuo.

Kwa nini basi hatupikii umeme? Fika kwenye mizigo, yaani vyumba vya kupanga, ya Bwaise au Katwe. Vyumba sita, mita moja ya Yaka, umeme wa kulipia kabla, na mwenye nyumba amekataza jiko la umeme kwa kuhofia uniti kuisha. Nayo bei nafuu ya umeme wa kupikia huanza uniti ya 81 ya mwezi na kukoma ya 150. Wengi wetu hatufiki 80. Nafuu imewekwa mahali ambapo mhitaji hafiki! Wenzetu waliojaribu sufuria ya presha ya umeme wameivisha maharagwe kwa chini ya uniti moja, maharagwe ambayo kwenye sigiri hutaka saa tatu za mkaa. Kinachowashinda wengine ni bei ya sufuria yenyewe, kwani hailipiki kwa mkupuo.

Kwa hiyo tunadai bei ya kupikia ianze uniti ya kwanza kwa kaya ndogo na vibanda vya chakula. Tunadai kila chumba cha kupanga kipate mita yake, na sufuria hizo zikopeshwe, deni likatwe kidogo kidogo kila tunaponunua Yaka. Wakaguzi wafuate mwenye lori kabla ya mchuuzi. Wauza mkaa walio kati yetu wapewe mtaji wa kuhamia biashara nyingine, na wanawake wa kaskazini wasaidiwe kuilinda mishea iliyosalia.

Tunaomba majibu kwa maandishi kabla bajeti ya Juni haijasomwa. Tuko tayari kuitwa ofisini kwako, na sufuria moja tutakuja nayo, pamoja na maharagwe.

Ni sisi, wapishi na wauza mkaa,
Kampala.