TUSINGOJE GHASIA NDIPO TUAMKE



Wako wanaouliza: chama cha wafanyakazi wa chumvi hapa Gongoni kina shauri gani na habari za wanawake kunajisiwa vitani? Twajibu kwamba kina shauri kubwa. Ghasia zikizuka, mama atokaye kazini jioni kwa miguu ndiye wa kwanza kukutana nazo.

Dunia haikunyamaza. Mwaka 1998 mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa Arusha ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, Rwanda, ikasema kunajisi wanawake kwaweza kuwa njia ya kuangamiza kabila zima. Juni 2008 Baraza la Usalama likapitisha azimio nambari 1820, kwamba tendo hilo laweza kuwa jinai ya vita. Ni maneno mema, nasi twayasifu.

Lakini miezi michache kabla ya azimio hilo, Kenya yetu ilikuwa ikiwaka kwa sababu ya uchaguzi. Wanawake wengi walinajisiwa, hata wanaume, na Tume ya Jaji Waki iliandika kwamba baadhi ya watendaji walikuwa askari. Kesi za The Hague zilikwisha bila mtu kupatikana na hatia. Watu 8 walioumizwa wakaenda Mahakama Kuu, Nairobi, mwaka 2013, wakangoja hadi Desemba 2020. Mahakama ikasema Serikali ilikosa kwa kutochunguza wala kushtaki, ikaamuru 4 kati yao walipwe shilingi milioni 4 kila mmoja. Hesabuni wenyewe: karibu miaka 13.

Fundisho ni hili: azimio la New York halimpeleki mtu hospitali. Aliyenajisiwa apate dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi kabla saa 72 hazijapita. Nguo zake zisifuliwe. Habari iandikwe katika daftari la polisi, na daktari ajaze fomu ya P3. Haya hufanywa na watu wa karibu, ama hayafanywi kabisa.

Kwa hiyo twataka, kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027, kila tawi lichague kina mama 2 na mwanamume 1 wa kumsindikiza aliyeumizwa, usiku au mchana, na mfuko wa chama utoe nauli mpaka Malindi. Tena mwanachama asikubali shauri kama hili limalizwe barazani kwa faini ya mbuzi.

Mwenye neno jingine aje mkutanoni alitoe.